Wistman's Wood: mialoni vibete na mbwa wa Shetani

Haya jamani, tuanze, waliosimama nyuma sogeeni viti vipo. Leo tunaenda Dartmoor, kule Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, nyika ya juu yenye baridi na ukungu, unatembea unaona nyasi na mawe tu mpaka unachoka, halafu bondeni pembeni ya mto West Dart unakutana na kamsitu kadogo, ndo Wistman's Wood.

Mwaloni tunaujua ni jitu la mti, ila hawa wa hapa ni vibete, wamejipinda, matawi mengine yamelala juu ya majabali ya graniti, maana ni kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na upepo wa huko haubembelezi mtu. Kangaga zinaota juu ya matawi kabisa, kuvumwani zinaning'inia kama ndevu. Mwaka 1866 bwana mmoja, Wentworth Buller, aliomba ruhusa akakata mti ili ahesabu umri, unene inchi 9 tu, akakuta kama miaka 168! Na akachonga jiwe la kumbukumbu, yaani unaua mti halafu unaweka saini, mi huyu bwana ananichekesha.

Sasa huu msitu umeponaje? Mawe ndo yameukinga na kondoo. Mbegu ikiota uwanjani mche unaliwa, ikidondoka katikati ya majabali mdomo wa kondoo haufiki, basi.

Ila wenyeji wana lao, wanasema humo ndo banda la mbwa weusi wa Shetani, usiku anatoka nao kuwinda. Kuna mkulima alikuwa anarudi na farasi wake toka gulioni Widecombe, kalewa, akakutana na msafara akapiga kelele, we mwindaji, nigawie basi kitoweo! Akarushiwa furushi. Kufika kwake akaitisha taa, kufungua, mwanae mwenyewe, maiti. Wanasema pia mawe yamejaa nyoka, kipiri wapo kweli Dartmoor ila wao wanapenda jua, sio unyevunyevu ule.

Kwangu mimi hatari ya sasa ni viatu, watu wanapanda mawe wapige picha, ile kijani laini inabanduka. Wageni wanaombwa wapite nje ya msitu. Na ardhi ni ya Duchy of Cornwall, yaani mali za mrithi wa ufalme wa Uingereza, mwaka 2023 Prince William alitangaza mpango msitu uwe mara mbili ifikapo 2040, sasa hapo bila kuwabana kondoo sijui miche itapitia wapi. Haya, maswali.