Rede ya Indianapolis

ZUHURA: Jumanne nilikuwa Victory Field, hapa Indianapolis, naangalia besiboli. Kijana mmoja akanaswa katikati ya kituo cha 2 na cha 3. Mbele mtu ana mpira, nyuma mtu anausubiri. Akaenda, akarudi, akaenda tena, kofia ikamdondoka...

BARAKA: Si rede hiyo!

ZUHURA: Ndiyo maana nilikupigia usiku ule ule, kaka.

BARAKA: Rede kabisa. Wawili pembeni, mmoja kati. Imekosekana chupa ya mchanga tu. Aliponyoka?

ZUHURA: Aliguswa mgongoni kwa mpira, akatoka. Lakini kawarushisha mpira mara tano, na mwenzake aliyekuwa nyuma akapata upenyo wa kufika kituo cha 2.

BARAKA: Temeke kulikuwa na dada mmoja hivyo hivyo. Haikimbilii chupa. Anawachosha kwanza warushaji, mikono ikilegea ndipo anainama kuchota mchanga.

ZUHURA: Na hayo ndiyo wanayojifunza madaraja ya chini, mambo yasiyoonekana kwenye takwimu. Timu ya Indianapolis iko chini ya ile ya Pittsburgh, ngazi moja kabla ya ligi kuu. Gift Ngoepe aliitwa kutoka hapa Aprili 2017, mzaliwa wa Afrika wa kwanza kucheza ligi kuu. Kakulia Randburg, Afrika Kusini, kwenye chumba cha klabu alikofanya kazi mama yake.

BARAKA: Alisaini 2008, dada. Miaka yote hiyo ya kusafiri kwa mabasi madaraja ya chini, kisha Pittsburgh wakampa mechi 28. Kabla ya mkataba wa wachezaji wa 2023, kima cha chini cha mshahara daraja la Indianapolis kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Huyo katumika.

ZUHURA: Mara yake ya kwanza kushika gongo kule juu aliupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji nyota, akafika kituo cha 1! Mwambie Ngoepe hiyo ni kutumika.

BARAKA: Naam, nitamwambia.

ZUHURA: Ukiwaacha vijana mapema unampoteza Mike Piazza, aliyekuja kuwa nyota. 1988, timu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa raundi ya 62, namba 1,390. Leo raundi ni 20 tu. Na Jacob deGrom, mrushaji nyota, je? Raundi ya 9, 2010, ndiyo kwanza ameanza kurusha. Kiwiko kikaharibika, 2011 hakucheza kabisa. Mets, timu yake ya New York, wakasubiri.

BARAKA: Unanitajia waliofika. Waliobaki njiani nani anawataja? Kijana wa miaka 22 mwambie ukweli, angali ana muda wa kusoma.

ZUHURA: deGrom alikuwa na 22. Ukweli gani ungemwambia?

BARAKA: Mmoja huyo!

ZUHURA: Sikubali.

BARAKA: Na mimi sikubali. Dakika mbili za kipindi zimebaki, na zile nasaha tatu za makocha wa watoto tulizopanga hatujagusa hata moja.

ZUHURA: Ziache. Yule dada wa Temeke, chupa ilijaa?

BARAKA: Mpaka shingoni.