Ufa Uchorewe Njia: mhadhara kwa mafundi na wakulima wa kahawa, Bwera, magharibi mwa Uganda

Wazee wetu, kina mama, mafundi wenzangu, hamjambo. Mmeniita nizungumzie nyufa za viwanja vya kuanikia kahawa, na naanza na neno ambalo mwenye mali hapendi kulisikia: zege litapasuka. Saruji iwe ya Hima hapa jirani au ya Tororo, fundi awe hodari namna gani, sakafu iliyolala juani itapasuka. Tulichobakiziwa kuamua ni ufa upite wapi.

Chanzo ni maji. Tunakoroga zege kwa maji mengi kuliko yale saruji inayoyahitaji ili ishike. Yaliyozidi huondoka polepole, wiki kwa wiki na mwezi kwa mwezi, na zege hunywea. Hunywea karibu nusu milimita kwa kila mita. Mtasema ni kidogo, basi chukueni uwanja wa mita 18: hizo ni milimita 9. Sakafu ingekuwa huru ingejivuta bila madhara, lakini muramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, umeishika chini na ukuta wa ghala umeishika ubavuni. Na zege ni jabali likibanwa, ni nyonge likivutwa. Livute sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila mita, tayari linaanza kukatika. Sasa linganisheni na ile nusu milimita.

Ongezeni joto. Mchana tuna jua la ikweta, usiku ubaridi wa Rwenzori unateremka. Zege la mita 10 likipanda nyuzi joto 10 hurefuka milimita 1. Daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa 2018, lina mita 525. Hesabu ileile inatoa zaidi ya sentimita 5. Ndiyo maana madaraja huachiwa nafasi ya kutanukia. Uwanja wa kahawa nao unaidai nafasi yake, ila ndogo.

Nani anaumia uwanja ukipasuka ovyo? Mkulima. Punje huingia ufani, hukaa na unyevu, huota ukungu, kisha fagio linazichanganya na kahawa nzuri ya wiki inayofuata. Mnunuzi akinusa, bei inashuka, na hakuna anayemkumbuka fundi.

Dawa yake ni kiungio. Mmemwona fundi wa vioo: hukwaruza mstari, akibonyeza kidogo kioo kinafuata mstari wake. Nasi tunalidhoofisha zege makusudi, kwa mistari iliyonyooka, ili likitaka kupasuka lipasukie humo chini ya mkato, mahali tunapoweza kupaziba. Mkato uwe na kina cha robo ya unene wa zege. Zege la milimita 100, mkato wa milimita 25. Kukwaruza juujuu kwa ncha ya mwiko ni pambo tu, ufa hautautii.

Umbali kati ya mikato ni kama mara 24 hadi 36 ya unene. Kwa milimita 100 hiyo ni mita 2.4 hadi 3.6, nami kwa viwanja vyetu napenda mita 3. Uwanja wa mita 12 kwa 18 utatoa vyumba 24 vya mraba, na kila kimoja kitanywea milimita 1 na nusu tu. Mraba nausisitiza. Chumba kirefu chembamba hujikata chenyewe katikati. Na popote zege linapopinda kuzunguka kona ya ghala, mkato uanzie pale konani, kwa sababu ufa nao huanzia palepale.

Nguzo, kuta na mashimo ya maji machafu yatengwe kabisa na sakafu. Wekeni ubao laini wa kujazia wa milimita 10 au 12, kutoka juu hadi chini ya zege. Nguzo izungushieni umbo la almasi, pembe zake zikielekea kwenye mikato.

Sasa saa ya kukata, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mwenye mashine akate siku hiyohiyo, mara zege litakapoweza kubeba msumeno bila kung'oa kokoto. Kwenye joto letu ni kama saa 4 hadi 12 baada ya kulainisha. Anayesema “tutakata kesho kutwa” atakuta ufa umemtangulia. Ukimwaga alasiri kukwepa jua, jambo ambalo nalipenda, basi kukata kutaangukia usiku: tayarisha taa mapema. Asiye na mashine asikate tamaa. Mwageni vipande virefu vya upana wa mita 3, mkiruka kimoja kimoja, na zege likiwa bado bichi mkandamize bapa la chuma kila baada ya mita 3. Njia hii inafaa kabisa.

Fundi mmoja pale nyuma anauliza: kama nimeweka wayameshi, ule wavu wa nyaya za chuma ndani ya zege, viungio vya nini? Swali zuri. Wayameshi hauzuii ufa, unaushika usipanuke. Na mara nyingi naukuta umekanyagwa hadi chini kwenye muramu, ambako hausaidii kitu. Uwe theluthi ya juu ya zege, na penye mkato kateni nusu ya nyaya zake, la sivyo utafunga mlango ambao mkato umejaribu kuufungua.

Maji nayo muyapime. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25, pamoja na yale yaliyomo kwenye mchanga. Nusu jerikeni ya ziada ili zege liteleze kirahisi hulinyong'onyeza na kulifanya linywee zaidi. Kisha siku 7 za kulimwagilia chini ya magunia. Fuso zitaingia? Hapo tunazungumzia zege la unene wa milimita 150 na nondo laini, zisizo na matuta, kwenye viungio, zilizopakwa grisi upande mmoja.

Mchoro wa viungio ukubaliwe na kulipiwa kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa. Fundi, iandike kazi hiyo kwenye bei yako. Mwenyekiti wa ushirika, usiifute kwa kuona ni rahisi.

Mama mmoja anauliza kuhusu uwanja wake uliokwisha pasuka. Mama, usiruhusu wakupakie plasta nyembamba juu. Ufa ungali unacheza, utaichana. Waupanue kidogo, wausafishe hadi ukauke, wajaze gundi ya poliurethani inayonyumbuka. Lami hapana, kahawa hushika harufu. Ila kipande kinachotikisika ukikikanyaga hakizibwi: kivunjwe, chini pashindiliwe upya, na zege jipya limwagwe.