Hapa Hatubahatishi, Tunakisia

SALMA: Visanduku vitano, nafasi sita za kujaribu. Neno nimeshalificha, liko kwenye kile kiungo nilichokutumia asubuhi. Baraka, umekifungua?

BARAKA: Nimekifungua, dada, ila sijagusa kitu. Shikamoo kwanza.

SALMA: Marahaba, mdogo wangu. Dar hamjambo?

BARAKA: Hatujambo, joto tu. Wasikilizaji, karibuni. Dada Salma yuko Mombasa, mimi niko Dar es Salaam, na leo tunacheza huku tunaongea. Ni ule mchezo wa kwenye simu wa kutafuta neno lililofichwa.

SALMA: Kwa ambaye hajawahi kuucheza: unaandika neno lolote la herufi tano. Herufi iliyomo, na iliyokaa mahali pake, inageuka kijani. Iliyomo lakini imekaa pasipo pake, njano. Isiyokuwemo kabisa, kijivu. Haya, anza.

BARAKA: Naanza na KIATU.

SALMA: Kwa nini kiatu?

BARAKA: Irabu tatu kwa mpigo, I, A na U. Zikikataa zote, najua zimebaki E na O peke yake. Halafu kisanduku cha mwisho kwetu ni irabu karibu kila mara. Ukitoa maneno kama "takriban", "hususan" na "maalum", utatafuta sana neno linaloishia kwa konsonanti. Kwa hiyo hata kabla sijaandika kitu, kile cha mwisho nimeshakijua nusu.

SALMA: Bonyeza.

BARAKA: K kijivu. I njano. A kijivu, T kijivu, U kijivu.

SALMA: Enhe. Umeambiwa nini?

BARAKA: I imo, ila si ya pili. A haimo, na hiyo ni habari kubwa, maana hakuna herufi inayotumika katika Kiswahili kuliko A. Neno lisilo na A linajitenga na wenzake. Na U haimo. Basi mwisho ni E, I au O. Ngoja niijaribu E mara mbili. N-D-E-G-E, ndege.

SALMA: Naona. Wasomee.

BARAKA: N kijivu, D kijivu, E ya katikati kijani! G kijivu, na E ya mwisho kijivu.

SALMA: Hapo pana watu wengi wanateleza. E hiyohiyo, moja kijani, moja kijivu. Wanadhani simu imekosea.

BARAKA: Haijakosea, inaniambia E ni moja tu na iko katikati. Kwa hiyo mwisho ni I au O, na I lazima ikae mahali. Naiweka mwisho. Kitu, kitu, E, kitu, I. Mwanzoni hapo naisikia M. M ya ngeli ya watu. Mlevi... mlezi... Mbezi?

SALMA: Mbezi ni mahali. Majina ya mahali hayakubaliwi.

BARAKA: Basi naandika MLEZI. Kama ni mlevi, Z itakataa na nitajua papo hapo. M kijani. L kijivu. E kijani, Z kijani, I kijani. L tu ndiyo imekataa... M, kitu, E-Z-I. Mwezi! Ni mwezi, dada!

SALMA: Mwezi. Mstari wa nne. Hongera. Ila mwezi si mtu, umesikia? Miezi. M uliyoipata si ya mtu na watu, ni ya mti na miti.

BARAKA: Kweli kabisa. Lakini M ilinifikisha.

SALMA: Na ndicho nilichotaka wasikilizaji wakione. Watu wanasema huu ni mchezo wa kubahatisha. Sikubali. Neno lenyewe, kubahatisha, lina bahati ndani yake, unarusha tu ukingojea ikuangukie. Ulichofanya wewe ni kukisia. Umepima. Umejua neno letu linaishia wapi, umejua ngeli zinaanza na herufi gani, ukaendelea kukata mpaka limebaki moja. Anayejua lugha anakisia. Asiyeijua ndiye anayebahatisha.

BARAKA: Nieleze kidogo mchezo ulikotoka, maana nimeusoma sana. Aliyeutengeneza ni Josh Wardle, mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn, New York. Aliutengenezea mwenzi wake, Palak Shah, anayependa michezo ya maneno. Akauita Wordle, akicheza na jina lake mwenyewe. Aliuweka hadharani Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba ya mwaka huo waliucheza watu 90. Miezi miwili baadaye wakawa 300,000, na haikupita muda wakafika mamilioni. Tarehe 31 Januari 2022 gazeti la New York Times likatangaza kuwa limeununua.

SALMA: Miezi mitatu tangu wale 90.

BARAKA: Lakini kinachonigusa mimi si hela wala umaarufu. Ni kazi aliyoifanya huyo Palak Shah. Kiingereza kina maneno ya herufi tano kama 12,000. Mengi hayajulikani na mtu. Yeye aliyapitia, neno kwa neno, analolijua linabaki, asilolijua linatoka, mpaka yakabaki kama 2,500. Hiyo ndiyo orodha ya maneno yaliyofichwa. Rangi na visanduku yeyote anaweza kuvichora. Mchezo uko kwenye ile orodha.

SALMA: Na kwetu nani akae aipitie?

BARAKA: Ndipo ninapotaka tufike. Maana hata kabla ya kupitia, lazima tukubaliane neno ni nini. "Aende" ni neno? Herufi tano. "Asome"? "Atoke"? "Apike"? Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinazaa kizazi kizima. Ukiyaruhusu yote, neno la siku linaweza kuwa "apate", na mchezaji atahangaika mpaka usiku kwa sababu kuna "apake", "apaze", "apande"...

SALMA: "Apande" ni herufi sita.

BARAKA: Sita, kweli. Lakini umenielewa.

SALMA: Nimekuelewa. Mimi ningeyakubali unapoandika kujaribu, ila lisifichwe neno la namna hiyo. Lifichwe jina, sifa, au kitenzi chenyewe kitupu: "pokea", "cheka", "pumua". Mtu akifumbua aone amefumbua kitu.

BARAKA: Na ile michezo ya kidokezo je? Unapewa maelezo mafupi, unajaza neno. Juzi nilikutana na hiki: "Tunda jekundu la kiungo cha mchuzi, herufi sita." Nikajaza nyanya bila kufikiri.

SALMA: Mimi ningekwama. Huku kwetu pwani hilo ni tungule, na tungule ni herufi saba. Nyanya kwangu ni mama yake mama. Ungenipa kidokezo "mzazi wa mzazi wako, herufi sita" ningejaza nyanya, na wewe wa Dar ungejaza...

BARAKA: Bibi. Herufi nne. Ningedhani mtunzi hajui kuhesabu.

SALMA: Na hakuna aliyekosea. Ndiyo maana orodha ya namna hii haiwezi kukaa kichwani mwa mtu mmoja wa mji mmoja. Iwe na mtu wa Unguja, wa Mombasa, wa Dodoma, wa Lubumbashi, wabishane.

BARAKA: Na kuna tatizo la herufi zenyewe. Kuna programu moja niliipakua, ya kutazama picha na kuandika jina. Ikaja picha ya ng'ombe. Ng'ombe mzima mwenye nundu, hana shaka hata kidogo. Visanduku sita. Nikaandika N, G, natafuta kile kikoma cha juu, hakipo kwenye kibodi yao. Nikaendelea bila hicho, O, M, B, E. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Mpaka nikaomba msaada, ikanionyesha kwamba kikoma kimehesabiwa kuwa herufi na B imeachwa. "Ng'ome."

SALMA: Subhanallah. Ng'ome!

BARAKA: Iliniuma, dada. Si kwa sababu ya pointi. Mtoto anayejifunza kusoma angeweza kukutana nayo akaiamini.

SALMA: Mimi naona shida imeanza mbali zaidi. Tumechukua visanduku vilivyokatwa kwa kipimo cha lugha nyingine. Kiingereza kinahesabu herufi. Sisi tulisomaje darasa la kwanza? Mwalimu hakutufundisha B peke yake.

BARAKA: Ba, be, bi, bo, bu.

SALMA: Ba, be, bi, bo, bu! Darasa zima kwa sauti moja. Sisi tunalisikia neno kwa silabi. Ch, sh, ny, ng', dh, gh, hizo kwetu ni sauti moja moja, haziwezi kukatwa katikati zikaingia visanduku viwili. Sasa chukua neno la leo. Mlezi na mwezi. Kwenye simu yako zimetofautiana herufi moja, na zingeweza kukutega. Zihesabu kwa silabi.

BARAKA: M-le-zi, tatu. Mwe-zi... mbili! Hazilingani hata urefu.

SALMA: Hazilingani. Mtego wote umeondoka. Lakini inazuka mingine iliyo yetu. Ukipata "zi" mwishoni, kuna mwezi, kuna mbuzi, kuna mwizi, kuna kazi, kuna nazi, kuna wazi. Huo ndio mchezo ningependa kuuona kwenye simu ya mwanangu, kila kisanduku silabi moja.

BARAKA: Nani atauelewa haraka?

SALMA: Wote, maana tumeshaucheza. Hujawahi kusikia kinyume?

BARAKA: Nimekisikia kwa jina tu.

SALMA: Unachukua silabi ya mwisho, unaileta mbele. Mwezi inakuwa zimwe. Habari inakuwa rihaba. Ni kitu cha zamani, Askofu Edward Steere alikikuta Unguja karne ya 19 akakiandika. Nyanya yangu na shoga zake walikuwa wakikitumia sisi watoto tukiwepo. Nakumbuka siku moja jioni wamekaa uani, nyanya anapara samaki, magamba yamemjaa mikononi. Tunaingia sisi tumetoka kucheza. Yeye hakuinua uso, akamwambia shangazi taratibu, "Chafi risuka."

BARAKA: Chafi... risuka. Ngoja. Cha-fi. Fi-cha. Ficha! Ri-su-ka... su-ka-ri. Ficha sukari!

SALMA: Na wewe umechukua sekunde ngapi? Mimi ilinichukua mwaka mzima. Siku nilipoifumbua nilikaa kimya, sikumwambia mtu, nikawa nasikiliza siri zao zote.

BARAKA: Nimependa hiyo kuliko mwezi wangu.

SALMA: Na hapo uani pana neno jingine. Nyanya alikuwa akisema "napaa samaki". Kupaa, kutoa magamba. Sasa fikiria ule mchezo wa picha nne neno moja, ulitoka mwaka 2013, kampuni ya Ujerumani inayoitwa Lotum ndiyo iliyoutoa. Unaona picha nne, unatafuta neno linalozikusanya. Tutengeneze wetu. Picha ya kwanza, makuti yaliyoezekwa juu ya nyumba. Ya pili, mnyama mdogo wa porini, miguu myembamba. Ya tatu, ndege anaiacha ardhi. Ya nne, mwanamke na kisu, samaki na magamba.

BARAKA: Paa, paa, paa, paa. Herufi tatu tu!

SALMA: Huo mchezo huwezi kuufasiri kutoka kokote. Lazima utungwe na mtu aliyeyaona yote manne.

BARAKA: Ni kitendawili hicho, cha picha.

SALMA: Ni kitendawili, na tena sisi tulikuwa na msaada kabla simu haijawa nao. Kitendawili!

BARAKA: Tega!

SALMA: Kuku wangu katagia miibani.

BARAKA: Nanasi. Hicho cha watoto, nipe kigumu.

SALMA: Ungeshindwa ningekwambia nini?

BARAKA: Nipe mji. Nami ningekupa mji, tuseme Bagamoyo, na wewe ungesema umekwenda Bagamoyo, umekula, umekunywa, umepumzika, halafu ndiyo unanifumbulia.

SALMA: Basi hiyo ndiyo kitufe cha msaada. Kwenye simu unalipa kwa sarafu za mchezo. Sisi tulilipa kwa miji. Mtoto akiishiwa na miji ya pwani anaingia bara, Tabora, Kisumu, Ujiji. Jiografia niliyonayo nusu yake niliilipia vitendawili.

BARAKA: Programu ikiomba mji badala ya sarafu, mimi naipakua leo.

SALMA: Muda unatukimbia. Tuwaachie wasikilizaji picha nne, na safari hii hatutoi jibu. Taja wewe, nilikutumia.

BARAKA: Ninazo hapa. Kitendawili!

SALMA: Tega!

BARAKA: Picha ya kwanza, kijana yuko katikati ya mnazi, kamba miguuni, kisu kiunoni. Ya pili, mama kainama shambani, anafukia punje za mahindi, tatu tatu kila shimo. Ya tatu, kijiti chenye pembe mbili, mtoto anakifunga mpira atengeneze manati. Ya nne, mzee anapuliza pembe ya mnyama, mashavu yamejaa. Neno moja.

SALMA: Herufi ngapi?

BARAKA: Tano. Silabi mbili.

SALMA: Umesema vyote viwili. Atakayeshindwa atuandikie mji.