Wababa Tuwafuate Sokoni

Jamboni wababa, na ninyi wamama pia, maana ninyi ndio mtakaowapelekea habari waliobaki shambani.

Mama akibeba mimba, kila akienda kliniki anafungwa mkononi kile kitambaa cha kupimia tansiyo, yaani shinikizo la damu. Sasa wewe baba wa miaka 50, mara ya mwisho ulifungwa lini? (Kicheko.) Mmoja anasema hajawahi. Asante kwa ukweli.

Ndiyo sababu tunatoka mjini Bukavu na meza yetu ya kupimia, tunaitandika Mudaka siku ya soko. Kupima ni bure, lakini bure peke yake haimtoi mtu nyumbani. Baba wa kijijini akionekana kwenye kituo cha afya, majirani wanasema amekwisha. Sokoni yupo tayari, anauza mbuzi wake.

Siku moja alikuja baba mwenye gunia la makala begani. Alilitua, akanyoosha mkono: 17 kwa 10, yaani 170 kwa 100 kwa wanaohesabu hivyo. Mwenzangu akashika kalamu. Nikamwambia ngoja, mtu aliyetoka kupanda kilima hapimwi papo hapo. Tulimtuma kwanza akakojoe, kwani kibofu kikijaa nacho kinapandisha. Kisha kiti chenye egemeo, miguu chini, shati limevuliwa mkono, hakuna maongezi. Baada ya dakika 5: 13 kwa 8. Rafiki yake, aliyekuwa amekaa pale muda wote akimcheka, akapimwa mara mbili: 19 kwa 11. Haumwi kichwa, haumwi popote. Kicheko kikakatika.

Kuanzia 14 kwa 9, ikirudi hivyo siku tofauti, hiyo ni tansiyo ya juu. Ikiachwa inaharibu figo, moyo, na inaleta kiharusi.

Sasa linaloniudhi. Niliwahi kutembea na timu iliyopima watu, ikapiga picha, ikapanda gari. Waliokutwa na tansiyo ya juu walibaki na karatasi mfukoni. Jamani, dawa ya tansiyo humezwa kila siku, hata ukijisikia mzima! Atazipata wapi, kwa nani? Kwa hiyo siku hizi muuguzi wa kituo cha jirani anaketi nasi mezani. Yule wa 19 aliandikwa kwenye daftari lake kabla hajaondoka, na wiki iliyofuata alifika kituoni, amemburuta pia shemeji yake.

Maswali? Ndiyo, baba mwenye kofia. Anauliza kama kasiksi, kile kinywaji chetu cha ndizi, nayo inahesabika kuwa pombe inayopandisha tansiyo.

Inahesabika, baba.