Soma Mgongo wa Kifungo: Kutambua Vifungo vya Reli Vinavyookotwa Unguja

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Mtu akiokota kifungo cha shaba kando ya njia ya Bububu, mkono wake huenda kwenye ndimu, kama tunavyosugua masinia na njumu za masanduku. Hapo ndipo ushahidi unapopotea. Vifungo vingi vya sare za zamani vilitiwa maji ya dhahabu, utando mwembamba mno. Ndimu na ukwaju haviidhuru dhahabu yenyewe. Hupenya kwenye vitundu vyake na kula shaba iliyo chini, utando ukabanduka, na herufi ndogo zikafutika pamoja nao. Ndimu ibaki jikoni.

Anza na rula. Mafundi wa vifungo hutumia kipimo kiitwacho laini, na laini 40 ni inchi moja. Kifungo cha mbele ya koti huwa karibu laini 36, yaani milimita 23 hivi. Cha mkononi au kwenye kofia huwa karibu laini 24, milimita 15. Kwa hiyo vifungo viwili vyenye nembo moja, kimoja kikubwa na kingine kidogo, huenda vilitoka kwenye koti moja.

Kisha kigeuze, maana mgongo ndio unaosema kweli. Kifungo cha vipande viwili kina bati la mbele ambalo ukingo wake umekunjwa kulishika bati la nyuma, na katikati pana kitanzi cha waya kilicholehemiwa. Kitanzi hicho ndicho kinachotoka kwanza, kikaacha doa la duara. Msilidhanie ni tundu la risasi. Pitisha sumaku: ikinasa, ndani mna chuma, na kutu yake inaweza kulivimbisha bati la mbele mpaka lipasuke.

Baina ya kitanzi na ukingo huzunguka maandishi. Washa tochi ya simu, uilaze pembeni karibu sawa na meza, si kutoka juu, kisha zungusha kifungo robo kwa robo. Herufi zilizobonyea zitatia vivuli na kusomeka. Mara nyingi ni jina la mtengenezaji: Firmin ni wa London, Gaunt ni wa Birmingham, na Scovill ni wa mji wa Waterbury, Connecticut, Marekani. Maneno ya kusifia ubora wa bidhaa hayamtaji mtu. Wengi hudhani ni jina la fundi wakahangaika kumtafuta.

Sasa jihadharini na pupa. Reli ya Bububu, maili 7 kutoka mjini, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani na kufunguliwa mwaka 1905. Ukisoma Waterbury mgongoni, moyo unakimbilia kusema "hiki ni cha gari moshi letu". Lakini Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu 1833, na konsuli wao alikuwa hapa kuanzia 1837. Vitambaa vyao ndivyo vilivyotuachia neno merikani. Koti la baharia linatosha kukileta kifungo cha Waterbury. Jina la kiwanda hutaja kilikotengenezwa, halimtaji aliyekivaa.

Aliyekivaa hutafutwa mbele. Herufi EAR&H (East African Railways and Harbours) haziwezi kuwa za kabla ya 1948, mwaka ambao reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa; KUR&H (Kenya and Uganda Railways and Harbours) ni ya shirika lililotangulia. Na ile H ni ya bandari, hivyo mvaaji anaweza kuwa mtu wa gatini ambaye hajawahi kupuliza filimbi ya treni. Nanga iliyozungushiwa kamba chini ya taji, bila herufi za reli, ni ya wanamaji wa Kiingereza. Taji nalo lina umri: matao yakiwa yamevimba juu kama kuba, kwenye kifungo cha zamani ni la wafalme wa Kiingereza wa 1901 hadi 1952, yakibonyea katikati, mara nyingi ni la baada ya hapo. Pale herufi zilipofumana, chora kila mstari peke yake kwenye karatasi kabla ya kutamka jina. U na R zilizokaliana husomeka upesi kama JR.

Kusafisha ni kwa subira. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, ya kisima yana chumvi. Badilisha kila siku kwa siku kadhaa, na udongo utoe kwa kijiti cha mti kilichochongwa, wala si pini. Kijani kigumu chenye uso laini kiache, kinakilinda kifungo. Kinachotisha ni unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukiufuta: hiyo ni chumvi ya bahari iliyoingia ndani ya shaba, na unyevu wa kwetu unaichochea. Kikaushe vizuri, kitie kwenye chombo kinachofunga barabara pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na vibadilishe vikichoka.

Jambo la mwisho linatangulia yote kwa uzito. Magofu na Mji Mkongwe havichimbwi bila ruhusa ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Na hata cha juu ya ardhi, kabla hujakiinua, piga picha kikiwa mahali pake, andika kina, hatua ngapi kutoka kwenye mti au ukuta upi, na vilivyokuwa jirani: msumari wa reli, kigae, makaa ya mawe. Karatasi hiyo ikae chombo kimoja na kifungo.