Acheni Kumtwangia Wolai

Haya, tuendelee. Habari ya usalama wa barafu nitaigusa mwishoni. Najua wengine mmekuja kwa ajili hiyo tu, lakini leo naanza na mkono wa mvuvi, maana hapo ndipo wolai (walleye), samaki wa maziwa ya huku, wanapopotea.

Nyinyi mliokulia Mwanza na Kigoma mnaujua mshipi tangu utotoni. Sawa. Sasa fikirini ziwa la Lake of the Woods, hapa Minnesota, Marekani, katikati ya majira ya baridi, mnavua kupitia tundu kwenye barafu. Juu kuna barafu, chini yake maji ya karibu nyuzi sifuri, na huko kwenye tope, mita tisa chini, maji hayazidi nyuzi 4. Mwili wa samaki hufuata maji. Ukipoa, tumbo husaga polepole, na mwenye tumbo hilo hana haja ya kukimbizana na chakula.

Nanyi mnafanya nini? Chambo juu, chini, juu, chini, kama mtu anayetwanga kisamvu! Samaki anakuja, anatazama, anakwenda zake. Jioni mnasema ziwa halina kitu.

"Lakini jirani yangu anatwanga na anapata." Ndiyo, anapata, kwa sababu anajua wakati wa kuacha. Kutwanga ni kuita. Kulisha ni kazi nyingine, na mkono wake ni mwingine.

Chukua kijiko, yaani chambo cha chuma, cha gramu 7, cha dhahabu au kinachong'aa gizani, maana maji ya ziwa hili yana rangi ya chai. Mshipi uwe wa nguvu ya ratili 6 au 8. Kwenye ndoana tunga kichwa cha kisamaki, kichwa tu. Mwili mzima hukiua kijiko kisicheze. Shusha mpaka chini, gonga tope mara tatu au nne litoe vumbi, kisha pandisha sentimita 30. Inua mara moja au mbili, kiasi cha nusu mita, uache kianguke chenyewe. Tulia. Hesabu mpaka kumi. Hapo umeita.

Sasa tazama sona, kile chombo kinachoonyesha samaki chini ya maji. Alama mpya ikijitokeza karibu na chambo, mikono yote huwashwa, na hapo ndipo mnapoharibu. Acha kuinua! Tetemesha ncha ya ufito wa kuvulia tu, kile kichwa kitikisike bila kijiko kuhama. Alama ikisimama bila kugusa, pandisha polepole sentimita tano, kisha kumi. Akikufuata juu, huyo anataka. Usimshushie chambo kamwe. Kisamaki anayeogopa hakimbilii mdomoni mwa anayemla. Na msingoje mvuto mkubwa. Mara nyingi utahisi uzito kidogo tu, au mshipi utalegea kwa sababu ameshika akapanda nacho. Ukilegea, vuta.

Asiye na sona atwange kidogo, angoje sana. Ndiyo jibu lote.

Sheria ya hapa inakuruhusu mishipi miwili kwenye barafu, basi wa pili usiuguse kabisa. Ndoana yenye risasi kichwani, kisamaki hai aliyetungwa nyuma ya pezi la mgongo, sentimita 30 kutoka chini, ufito wenye ncha laini. Samaki mkaidi aliyekuja kutazama twanga yako huishia huko.

Kuhusu saa: jicho la wolai ukilimulika hung'aa kama la paka, huona gizani kuliko anaowala, kwa hiyo magharibi na alfajiri ni zake. Ila katika maji haya yenye rangi anakula hata mchana. Msilale.

Haraka haraka sasa. Kwa upande wa Minnesota, wolai wa kati ya inchi 19 na nusu na 28 hurudishwa majini. Lakini bondo lake, mfuko wa hewa tumboni, hilo hilo mnalolijua kwa sangara, halina njia ya kutolea hewa upesi. Ukimtoa kwenye kina kirefu linavimba, na kumrudisha si kumwokoa. Basi ukishapata wako wa kula, ondoka kwenye kina kirefu au funga kazi.

Barafu: inchi 4 za barafu safi, ngumu, kwa mtu anayetembea. Ile nyeupe yenye theluji ndani, zidisha mara mbili. Pima kwa keekee tena na tena, kila mita 45 hivi, si pwani peke yake. Mdomo wa Rainy River muuogope, mkondo huila barafu kwa chini huku juu imekaa vizuri. Tangulieni na mtaimbo, mkigonga barafu mbele yenu.

Naonyeshwa saa. Pete za ufito zikiganda, zichovye majini, msizibanjue kwa kidole. Na mwenye mshipi unaojisokota aje nao hapa mbele. Umekosa pete ya kuzungukia, ile inayozuia mshipi usijisokote, sentimita 40 juu ya kijiko, nitaifunga sasa hivi.