Risasi ya bastola kwenye bunduki ndefu: inapiga mita ngapi?

Shikamooni wakubwa, mambo vipi wengine. Niko nyumbani Moshi, hapa Soweto, nimekuja likizo. Tangu niweke ile video ya uwanja wa shabaha kule Texas swali ni lile lile: "Kaka, hiyo bunduki yako inapiga mita ngapi?" Leo nalijibu lote. Najua kuna watakaosema naringa, na nikitaja bei watasema nalialia. Siringi wala silii. Mtu kauliza, namjibu.

Mliopita JKT mnaijua SMG, yaani AK-47, kwa hiyo kufyatua siwafundishi. Hii yangu ina kitako na mtutu wa inchi 16, lakini inakula risasi za bastola, milimita 9. Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Risasi ya SMG inatoka na mita 700 na kitu kwa sekunde. Hii inatoka na 400 hivi, tena ni fupi na butu, hewa inaichosha mapema. Kufika inafika, hata kilomita moja inapita, ndiyo maana nyuma ya shabaha pana tuta kubwa la udongo. Kulenga ukapata ni habari nyingine.

Niliirekebisha ipige palepale ninapolenga kwenye yadi 50. Yadi 100, yaani mita 91, alama nyekundu ya kilengeo, kile kifaa cha kulengea, nimeiweka katikati kabisa ya shabaha, tundu likatokea chini, sentimita 13 hivi. Yadi 150, nusu mita. Yadi 200 karatasi ilibaki nzima. Vumbi lilikuwa linaruka kwenye udongo, zaidi ya mita moja chini ya nilipolenga. Ni kama mpira wa kumwagilia: migomba ya mwisho huipati mpaka uunyanyue. Na cha ajabu, ukisogea karibu, ukabaki yadi 5 tu kutoka kwenye shabaha, bado inapiga chini, sentimita 5 hivi, kwa sababu kilengeo kimekaa juu ya mtutu na risasi haijapanda bado.

Sasa makaratasi, maana mnadhani Marekani unaingia dukani unatoka nayo. Ukiwa na viza ya masomo au ya kazi, kwa kawaida sheria yao haikuruhusu hata kumiliki risasi. Mimi nilisubiri grini kadi, kibali cha kuishi kule moja kwa moja. Unajaza fomu, duka linaulizia FBI, wapelelezi wa serikali yao, kama unaruhusiwa kununua, wengine wanajibiwa dakika hiyo hiyo. Mimi nikaambiwa nisubiri, bila maelezo, na muuzaji ananiangalia kama mwizi mbele ya foleni. Nililipa kodi zangu zote nchi ile. Iliniuma.

Halafu hela. Boksi la risasi 50 nanunua kwa dola 13 hivi, zaidi ya elfu thelathini za kwetu, na Jumamosi moja maboksi manne yanaisha hujaona. Hapa nina neno na ndugu zangu. Kuna waliohesabu risasi kwenye video wakampigia mama simu, wakamwambia mwanao anachoma hela. Mama ana presha. Ada za wadogo zangu nalipa kila muhula, na mnajua. Mkiwa na jambo nipigieni mimi, mama mwacheni.

Msichukue namba zangu mkazifanya sheria. Bunduki nyingine, risasi nyingine, kilengeo kimekaa juu zaidi, majibu yanabadilika. Na mnaoomba niwaletee, hapana. Hapa Tanzania leseni ya silaha ni ya polisi, nendeni kituoni mkaulize.

Nikirudi nitajaribu zile risasi nzito, gramu 9 na nusu. Zinatoka polepole, mara nyingi chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo kwenye yadi 100 nategemea tundu lishuke zaidi ya hapa. Karatasi nitawaonyesha.